Zijue kordi za jazi ndani ya muziki wa michezo ya video

WAPIGA vinanda wanaotoka Mji Mkongwe jioni kwenda kutumbuiza katika hoteli za Kiwengwa, pwani ya kaskazini mashariki ya kisiwa cha Unguja, hukabiliwa na mtihani ambao muziki wa nyumbani haukuwaandaa nao vya kutosha. Wimbo wa jazi anaouomba mgeni haukai vizuri juu ya kordi tatu zilizozoeleka katika muziki wa dansi. Unataka kordi zenye noti nne, tano, hata sita, ambazo kwa Kiswahili zinaweza kuitwa kordi zilizorefushwa, au kwa ufupi kordi ndefu.

Kuzijua au kutozijua kordi hizo ni suala la riziki. Mwanamuziki anayewasha mdundo uliokwisha kurekodiwa ndani ya kinanda na kuimba juu yake anatoa kitu ambacho spika peke yake inaweza kukitoa kwa gharama ndogo zaidi. Yule anayepanga sauti kwa mikono yake, akamfuata mwimbaji anapochelewa na akabadili rangi ya wimbo pale ukumbi unapotulia, hana mbadala wa namna hiyo.

Shule mojawapo nzuri ya kordi hizo ipo mahali ambapo wengi hawapatazamii, nayo ni muziki wa michezo ya video. Muziki huo, ambao watu wazima wengi huuchukulia kuwa ni makelele ya kuwachangamsha watoto, umebeba mafunzo ya jazi kwa vipande vifupi, vinavyojirudia na vilivyo rahisi kuchunguzwa noti kwa noti. Makala haya yanaeleza kordi ndefu ni nini, zilifikaje katika michezo hiyo, na namna mwanafunzi wa Zanzibar anavyoweza kuzifanyia kazi.

Jina la jazi bila kordi za jazi

Neno jazi si geni katika Afrika Mashariki. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz na NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, zote zililibeba jina hilo, kama lilivyobebwa na OK Jazz iliyoanzishwa mwaka 1956 katika jiji ambalo leo linaitwa Kinshasa. Hata hivyo, katika majina hayo neno jazi lilimaanisha zaidi bendi ya kisasa yenye magitaa, ngoma na ala za kupuliza. Msingi wa nyimbo nyingi ulikuwa kordi tatu, yaani ile ya do, ile ya fa na ile ya sol. Utamu ulitokana na magitaa yaliyosukana, mapigo, mashairi na sauti za waimbaji. Huo haukuwa upungufu, bali ni ufundi wa aina nyingine.

Kwa upande wa Zanzibar, sikio la wengi limelelewa na taarab. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club mwaka 1958, na katika vikundi vya namna hiyo udi, kanuni, fidla, nai na akordiani hufuata kwa sehemu kubwa melodia moja, kila ala ikiipamba kwa namna yake. Kordi si nguzo ya jengo hilo. Taarab ya kisasa ilipopamba moto katika miaka ya 1990 kupitia vikundi kama East African Melody, kinanda cha umeme na gitaa la besi vilichukua nafasi kubwa, lakini kordi zilizotumika zilibaki za kawaida.

Matokeo yake ni kwamba kijana aliyekulia katika muziki huu huwa na sikio kali la melodia, ilhali vidole vyake havijazoea kurundika sauti. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kinachojulikana zaidi kwa kifupi chake cha DCMA, ambacho kilianzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kimekuwa kikifundisha taarab na ngoma pamoja na usomaji wa noti na muziki wa jazi. Wahitimu wake wametoa makundi yanayochanganya mambo hayo, yakiwemo Siti and the Band na TaraJazz, ambalo hata jina lake limeunganisha taarab na jazi. Mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kuwa kiko hatarini kufungwa kwa ukosefu wa fedha. Tangazo hilo liliwakumbusha wapenzi wa muziki kwamba elimu ya aina hii visiwani imeshikiliwa na milango michache mno, na kwamba mwanafunzi hana budi kuitafuta pia nje ya darasa.

Kordi ndefu ni nini?

Wasomaji waliopitia kwaya watakumbuka ngazi ya sauti, yaani do, re, mi, fa, sol, la, ti, kisha do ya juu. Kordi ni noti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja, nayo hujengwa kwa kuruka noti moja moja. Ukianzia do, unairuka re na kuichukua mi, unairuka fa na kuichukua sol. Do, mi na sol ndiyo kordi ya kawaida. Do huitwa mzizi, mi huitwa noti ya tatu kwa kuwa ni ya tatu ukihesabu kutoka kwenye mzizi, na sol ni ya tano.

Kordi ndefu hupatikana kwa kuendelea na mwendo huohuo. Baada ya sol unairuka la na kuichukua ti, ambayo ni noti ya saba. Kisha unairuka do ya juu na kuichukua re, ambayo ni ya tisa. Halafu inafuata fa, ya kumi na moja, na mwisho la, ya kumi na tatu. Hapo noti zote saba za ngazi zimekwisha kutumika. Ndiyo maana hakuna kordi ya kumi na tano, kwani noti hiyo ingekuwa do ileile iliyoanza.

Noti ya saba ndiyo inayobadili tabia ya kordi. Do, mi, sol na ti hutoa sauti tulivu, na kama do ni C kordi hiyo huandikwa Cmaj7. Ukiishusha ti kwa nusu sauti, yaani ukabonyeza kibonye cheusi kilicho kushoto mwa B, kordi inageuka kuwa C7, ambayo haitulii na hudai kwenda kwingine. Sol, ti, re na fa, yaani G7, ina tabia hiyohiyo, na mara nyingi hudai kurudi nyumbani kwenye do. Re, fa, la na do hutoa Dm7, yenye huzuni kidogo na upole mwingi.

Noti ya tisa, ya kumi na moja na ya kumi na tatu kwa kawaida hazibadili kazi ya kordi. Zinaongeza rangi. Mwanafunzi anaweza kuzilinganisha na viungo ndani ya pilau, ambavyo havibadili kuwa mchele ni mchele, lakini mlaji anajua mara moja kama vimetiwa au havikutiwa.

Sauti tatu za mwaka 1985

Mtu anaweza kujiuliza iwapo mashine duni za zamani zingeweza kweli kubeba kordi za noti sita. Jibu ni hapana, na hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe.

Kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine yake ya Famicom Julai 1983. Mashine hiyo ilikuwa na njia tano za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi la pembetatu, moja ya mchakacho uliotumika kama ngoma, na moja ya vipande vifupi vya sauti zilizorekodiwa. Kila njia hutoa noti moja kwa wakati mmojammoja. Kwa hiyo zilizobaki kwa ajili ya melodia, kordi na besi ni njia tatu tu.

Septemba 1985 ulitoka mchezo wa Super Mario Bros., ambao muziki wake ulitungwa na Koji Kondo, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sanaa cha Osaka aliyejiunga na Nintendo mwaka 1984. Kipande cha kufungulia muziki huo hakizidi sekunde chache, lakini ndani yake mna somo zima.

Wimbo uko katika C, yaani do ni C. Noti ya chini kabisa katika ufunguzi huo ni re. Ya kati ni fa iliyopandishwa nusu sauti, ambayo waimbaji wa kwaya huiita fi. Ya juu, inayobeba melodia, inaanzia kwenye mi. Ukizipanga kwa hesabu ya kordi, re ni mzizi, fi ni noti ya tatu na mi ni noti ya tisa. Melodia inaposhuka kidogo kuigusa do, sikio linapata noti ya saba. La, ambayo ndiyo ya tano, haimo kabisa. Kisha mwendo unatua kwenye sol, na kutoka hapo wimbo unaingia nyumbani.

Kwa njia tatu tu, msikilizaji amepewa kordi ya tisa ya re na ameielewa bila kuwahi kuzisikia noti zote tano kwa mkupuo mmoja. Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, noti ya tano inaweza kuachwa bila kordi kupoteza maana yake. Pili, noti ya tatu haiachwi ovyo, kwa kuwa ndiyo inayosema kama kordi ni kubwa au ndogo. Tatu, noti za rangi si lazima zirundikwe chini, zinaweza kuletwa na melodia yenyewe. Jambo hilo la tatu ni habari njema kwa mtu aliyelelewa na taarab, kwa sababu linamruhusu kuingia katika kordi ndefu kupitia mlango anaoujua.

Aprili 2023, Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza muziki huo katika orodha ya rekodi za sauti zinazohifadhiwa kama urithi wa taifa hilo. Ulikuwa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kupewa nafasi hiyo.

Kutoka sauti tatu hadi bendi kamili

Haikuwa bahati nasibu kwamba kordi za jazi ziliingia katika michezo hiyo kupitia Japani. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1970, nchi hiyo ilikuwa na bendi zilizopendwa sana za jazi iliyochanganywa na roki, zikiwemo Casiopea na T-Square. Watunzi wa michezo ya video walifanya kazi wakiwa wamezungukwa na muziki huo.

Mashine nazo zilikua. Mega Drive ya kampuni ya Sega, iliyotoka mwaka 1988, ilitumia kifaa cha sauti cha Yamaha chenye njia sita, kilichotumia teknolojia ya aina moja na ile ya kinanda cha Yamaha DX7 cha mwaka 1983, ambacho sauti yake ya piano ya umeme ilienea katika nyimbo nyingi za wakati huo. Mchezo wa Sonic the Hedgehog wa mwaka 1991 uliotungwa kwa ajili ya mashine hiyo ulipata muziki wake kutoka kwa Masato Nakamura, mpiga besi wa kundi la Dreams Come True.

Super Famicom ya Nintendo ilitoka mwaka 1990 ikiwa na njia nane, na sasa iliwezekana kuilia kordi ya noti nne huku besi, ngoma na melodia vikiendelea. Soyo Oka, aliyetunga muziki wa Super Mario Kart wa mwaka 1992, ni miongoni mwa watunzi walioitumia nafasi hiyo vizuri.

PlayStation ya Sony ilipotoka Japani Desemba 1994, muziki ulihamia kwenye diski na bendi halisi ikaweza kurekodiwa. Mchezo wa mbio za magari wa Gran Turismo wa mwaka 1997 ulitungiwa wimbo wake mkuu wa toleo la Japani na Masahiro Andoh, mpiga gitaa wa T-Square iliyotajwa hapo juu. Mashine za PlayStation ndizo pia zilizokuja kujaza vibanda vya gemu katika mitaa ya miji ya Afrika Mashariki. Baadaye, Persona 5 ya mwaka 2016, yenye muziki wa Shoji Meguro, na Cuphead ya mwaka 2017, iliyopigiwa jazi ya bendi kubwa kwa utunzi wa Kristofer Maddigan wa Kanada, ziliwafikisha vijana wengi kwenye jazi kabla hawajaisikia mahali pengine popote.

Kiswahili na tuzo za mpangilio

Wapo watakaosema mambo hayo ni ya Wajapani na Wamarekani. Ukweli ni kwamba muziki wa kwanza wa mchezo wa video kushinda tuzo ya Grammy uliimbwa kwa Kiswahili. Ni "Baba Yetu", uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV wa mwaka 2005, ukitumia maneno ya Sala ya Bwana. Mwaka 2009 uliwekwa katika albamu ya mtunzi huyo iitwayo Calling All Dawns, na Februari 2011 ukashinda.

Jambo la kuzingatiwa na mwanafunzi ni aina ya tuzo yenyewe. Ilikuwa tuzo ya mpangilio wa ala zinazosindikiza waimbaji. Mwaka 2022, kundi la The 8-Bit Big Band la Marekani lilishinda Grammy kwa kukipanga upya kwa bendi kubwa ya jazi kipande cha muziki wa mchezo wa Kirby Super Star. Nayo ilikuwa tuzo ya mpangilio. Katika nyakati zote mbili kilichosifiwa ni kazi ya kuamua noti ipi ipewe ala ipi, na ipi iachwe. Kazi hiyohiyo ndiyo inayomkabili mpiga kinanda wa Kiwengwa, ingawa kwa kiwango kidogo zaidi.

Mazoezi ya kuanzia

Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Kikundi cha hoteli mara nyingi ni cha watu watatu au wanne, kwa mfano kinanda, gitaa la besi, ngoma na mwimbaji. Hesabu yake haiko mbali na ile ya Famicom. Hivyo zoezi la kwanza ni kupiga kordi kwa noti mbili tu.

Chukua mwendo unaotawala jazi, wa kutoka kordi ya re kwenda ya sol na kuishia ya do, yaani Dm7, G7 na Cmaj7. Mwachie mpiga besi mizizi, ambayo ni re, sol na do. Mkono wa kushoto ubonyeze noti ya tatu na ya saba peke yake. Kwa Dm7 ni fa na do. Kwa G7 ni fa na ti. Kwa Cmaj7 ni mi na ti. Mwanafunzi ataona kwamba katika badiliko la kwanza fa inabaki palepale na do inashuka hatua moja kuwa ti. Katika badiliko la pili ti inabaki na fa inashuka kuwa mi. Vidole havirukiruki, na sikio linausikia mwendo wote.

Zoezi la pili ni kuongeza rangi kwa mkono wa kulia. Juu ya fa na do weka mi na la, na kordi inakuwa Dm9, kwa kuwa mi ni ya tisa ukihesabu kutoka re. Usiviondoe vidole vya kulia. Ishushe do ya mkono wa kushoto iwe ti, basi, na kordi imekuwa G13, kwa sababu mi sasa ni ya kumi na tatu ukihesabu kutoka sol, na la ni ya tisa. Mwisho, shusha fa iwe mi, na mkono wa kulia ushuke kutoka mi na la kwenda re na sol. Hiyo ni Cmaj9. Kati ya kordi ya kwanza na ya pili kimesogea kidole kimoja tu, lakini msikilizaji amesikia kordi mbili zenye majina yanayotisha.

Zoezi la tatu ni la kusikiliza. Faida kubwa ya muziki wa michezo ya zamani ni kwamba zipo programu za kompyuta zinazoucheza huku zikimruhusu msikilizaji kuzima njia moja moja. Zima melodia ubakize besi, uiimbe kwa do, re, mi mpaka uikariri. Kisha fungua njia ya kati peke yake. Mwisho rudisha zote. Ni vigumu kuifanya kazi hiyo kwa rekodi ya kawaida ya bendi, ambamo piano, gitaa na ala za kupuliza zimeshachanganyika. Aidha, vipande hivyo ni vifupi na hujirudia, kwa hiyo mwanafunzi hapotezi muda kukitafuta mahali alipoishia.

Zoezi la nne ni la kuandika. Alichosikia mwanafunzi akiandike, kwa noti au kwa do, re, mi, kisha akilinganishe na sauti. Programu ya MuseScore, ambayo hupatikana bila malipo, huandika noti na kuzicheza. Asiye na kompyuta anaweza kutumia daftari, na asiye na kinanda anaweza kuanza na piano ya kwenye simu, japokuwa vidole vyake vitahitaji vibonye halisi baadaye.

Zoezi la tano ni kuhamisha. Mwimbaji hachagui C kwa sababu ni rahisi kwa mpiga kinanda, huchagua mahali sauti yake inapokaa. Kila mwendo uliojifunza katika C upelekwe F, G, B iliyoshushwa na E iliyoshushwa, kisha kwingineko. Mwanafunzi aliyejifunza kwa do, re, mi ana nafuu hapa, kwani majina hayo husafiri pamoja na wimbo.

Makosa yanayozoeleka

Kosa la kwanza ni kurundika noti nyingi upande wa chini wa kinanda. Noti za chini zikikaribiana hunguruma na kufifisha besi. Noti za rangi zikae katikati na juu.

La pili ni kudhani kwamba kordi ya kumi na tatu lazima ipigwe na noti zake zote. Katika kordi kubwa, noti ya kumi na moja hugongana na noti ya tatu, kwa kuwa fa na mi zimeachana kwa nusu sauti tu. Wapigaji wengi huiacha, au huipandisha nusu sauti iwe fi. Katika kordi ndogo tatizo hilo halipo, na sol juu ya Dm7 husikika vizuri sana.

La tatu ni kuitia rangi kila sehemu. Wimbo wa dansi uliojengwa kwa kordi tatu safi unaweza kuharibika ukipakwa kordi za tisa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watunzi wazuri wa michezo ya video huziweka kordi ndefu pale panapotakiwa kugeuka, kama ilivyo katika ule ufunguzi wa mwaka 1985, na kuacha sehemu nyingine zipumue.

La nne linahusu haki. Mfuatano wa kordi kama ule wa re, sol na do ni mali ya wote na hutumika katika maelfu ya nyimbo. Melodia ya mchezo fulani ni mali ya mwenyewe. Kujifunza mwendo na kuutumia katika utunzi wako ni jambo la kawaida, lakini kuichukua melodia na kuiuza kama yako ni jambo jingine.

Pale taarab inapokutana na kordi ndefu

Suala gumu zaidi kwa Mzanzibari ni namna ya kuzitumia kordi hizo bila kuiua taarab. Mifumo ya sauti ya Kiarabu iitwayo maqam, ambayo imeingia katika taarab, huwa na noti zisizopatikana kwenye vibonye vya piano. Katika maqam ya Rast, kwa mfano, noti ya tatu haiko kwenye mi wala kwenye mi iliyoshushwa nusu sauti, bali hukaa katikati ya hizo mbili. Fidla na udi huipata kwa kidole. Kinanda kikipiga mi ya kawaida chini yake, noti hizo mbili hugombana na mwimbaji huonekana ametoka nje ya sauti, ilhali aliyetoka ni kinanda.

Baadhi ya vinanda vya umeme vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi za Kiarabu vina vitufe vya kuishusha noti kwa robo sauti. Mahali ambapo kinanda hicho hakipo, njia salama ni kuiacha noti ya tatu kabisa, ukapiga mzizi, ya tano na labda ya tisa, na kuiachia melodia ilete ile noti ya katikati. Hapo kanuni ya kuiweka noti ya tatu kila mara inavunjwa, lakini kwa sababu inayoeleweka. Nyimbo za taarab zilizotungwa katika ngazi zisizo na robo sauti hupokea Dm9 au G13 bila taabu, hasa mwishoni mwa beti, ala zinapojibu.

Ndiyo maana walimu wengi wa muziki husisitiza kwamba kordi ndefu zijifunzwe kwa sikio sambamba na vidole. Anayezijua kwa vidole tu atazipiga kila mahali. Anayezisikia atajua kwamba wimbo wa jazi ulioombwa na mgeni unataka noti nne, wimbo wa dansi unaofuata unataka tatu, na ule wa taarab wa kufungia usiku pengine unataka mbili tu, huku fidla ikiachiwa nafasi yake.